Kila Nyoka na Kasha Lake: Mwongozo wa Kumtunza Nyoka Mla Panya

Ole, kaskazini ya mji wa Chake Chake, mpunga ukiingia ghalani na panya nao wanaingia. Nazi changa zinatobolewa zingali juu ya mnazi, na magunia yanatobolewa chini. Panya jike wa majumbani hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23 tu, huzaa watoto sita au zaidi kwa mpigo mmoja, na baada ya miezi michache watoto hao nao wanazaa. Palipo na panya wengi, nyoka anayewala hufuata. Mara nyingi safari yake inaishia kwenye fimbo ya mtu wa kwanza kumwona.

Makala haya yanamhusu nyoka huyo, na yameandikwa kwa ajili ya watu watatu. Wa kwanza ni mwenye nyumba anayekutana naye usiku nyuma ya magunia. Wa pili ni mwalimu, mwanaklabu wa mazingira au mtunza bustani ya wanyama mwenye kibali cha kuwaweka nyoka kwa ajili ya mafunzo. Wa tatu ni ndugu yetu aliyeko ughaibuni, ambako nyoka walao panya huuzwa madukani na watoto huwaleta nyumbani kama wanavyoleta paka. Wote watatu wanahitaji kujua mambo mawili. Nyoka huyu ana faida kubwa zaidi akiwa huru kuliko akiwa kifungoni. Na akifugwa, akae peke yake. Kuwarundika nyoka wawili watatu ndani ya tundu moja ndiko kunakowaua wengi ambao wangeishi miaka mingi.

Mjue kabla ya kumsogelea

Afrika Mashariki, bara na visiwani, mla panya anayeonekana zaidi majumbani ni nyoka wa nyumba, ambaye wataalamu humwita Boaedon. Hana sumu. Anaua kwa kumzunguka panya na kumbana, kama afanyavyo chatu. Rangi yake ni kahawia, mara nyingine nyekundu ya udongo au nyeusi, na tumbo lake ni jeupe la maziwa. Ukimwangalia karibu chini ya taa, magamba yake yanang'aa rangi za upinde wa mvua. Alama yake kubwa iko kichwani: kila upande ana mistari miwili myembamba ya rangi hafifu, mmoja ukitoka puani kupita juu ya jicho kuelekea kisogoni, na mwingine chini ya jicho. Jike ni mkubwa kuliko dume na anaweza kukaribia mita moja au kuizidi kidogo. Hutembea usiku, na mchana hujificha chini ya mawe, kwenye makuti au nyuma ya ukuta.

Hata hivyo, mistari hiyo si ruhusa ya kumshika. Baadhi hawana mistari iliyo wazi, na wapo nyoka wa hatari wanaofanana naye kwa mtu asiyezoea. Fira mdogo anaweza kuwa wa kahawia vilevile. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki yupo pia nyoka mfupi mweusi anayeng'aa, mwenye macho madogo mno, anayeishi ardhini na kutoka baada ya mvua. Huyo ana meno ya sumu yanayotokeza pembeni mwa kinywa, kwa hiyo hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono, hata ukimbana nyuma ya kichwa. Kanuni ni hii: nyoka usiyemjua kwa hakika mhesabu kuwa ana sumu, na usimguse.

Pemba kuna sababu nyingine ya kutokamata ovyo. Kisiwa hiki kina nyoka wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na wote ni wadogo, wapole, na hawana madhara kwa mtu. Mmoja huishi penye majimaji na hula vyura. Mwingine hula mijusi, na jina lake la kitaalamu, Lycophidion pembanum, limebeba jina la kisiwa. Anayemtia chupani nyoka mdogo asiyemjua anaweza kuwa anakipunguzia kisiwa kiumbe ambacho dunia nzima haina kingine.

Makazi bora ni nje ya kasha

Kama shida yako ni panya, huna haja ya kumfungia nyoka ili akusaidie. Aliye ndani ya kasha anakula panya mmoja kwa wiki au wiki mbili, tena unayemletea wewe. Aliye huru anaingia mwenyewe kwenye shimo la panya na kula mpaka vichanga, kazi ambayo paka haiwezi kwa sababu shimo ni jembamba kwake.

Kwa hiyo panga nyumba ili kila mmoja awe na mahali pake. Ziba nyufa za chini ya milango ya vyumba vya kulala. Ondoa rundo la makuti, matofali na kuni lililoegemea ukuta wa nyumba, ulipeleke pembeni ya shamba, ambako nyoka atapata maficho bila ya kukutana na watoto. Weka mpunga kwenye mapipa yenye vifuniko. Tembea na tochi usiku, na usitie mkono mahali ambapo macho hayajafika. Usitege sumu ya panya pale unapotaka nyoka, bundi na paka wafanye kazi, kwani sumu nyingi za dukani hukaa ndani ya mwili wa panya kwa siku kadhaa na kumdhuru anayemla.

Na akiingia chumbani? Watoe watoto na ufungue mlango wa nje. Weka kitambaa kwenye uwazi wa mlango wa ndani ili asiende chumba kingine, simama mbali na umwachie njia. Mafundisho ya dini yetu yana maelekezo kuhusu nyoka wa majumbani na kumwonya kabla ya kumuua. Waulizeni masheikh wa karibu wawafafanulie, kwani ndani yake mna funzo la kutoharakia fimbo.

Watu wa Ole hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba mnyama anaweza kulindwa pale pale anapoishi. Kidike, hapa hapa kwetu, popo wa Pemba wananing'inia mitini kwa wingi, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda. Popo hao, ambao nao hawapatikani nje ya kisiwa hiki, waliwindwa kwa ajili ya nyama mpaka ikahofiwa kuwa watamalizika. Mwaka 1996 walikuwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na leo hali yao ni nafuu kuliko wakati ule. Hawakuokolewa kwa kutiwa kwenye matundu. Waliachiwa miti yao, na jamii ikakubaliana kuwalinda. Nyoka mla panya anastahili makubaliano kama hayo, na tena yeye analipa kila usiku kwa panya anaowala.

Kibali kwanza

Nyoka wa porini si mali ya anayemkamata. Zanzibar, wanyamapori wanasimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya 1996, na pa kuanzia ni Idara ya Misitu. Tanzania Bara kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kenya wana sheria yao ya 2013, na Shirika la Huduma za Wanyamapori ndilo linalotoa leseni za kufuga nyoka. Mwaka 2016 Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, wakiwemo wanyama watambaao. Chatu wamo pia kwenye mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Anayetaka kuweka nyoka kwa ajili ya skuli au watalii aandike barua kabla ya kununua kasha.

Anayetaka kujifunza kazi hii kwa kuona anazo sehemu za kwenda. Muungoni, kusini mwa Unguja, kuna bustani ya wanyama ya ZALA. Meserani, karibu na Arusha, kuna bustani ya nyoka yenye zahanati inayotibu walioumwa. Watamu, Kenya, kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, na Nairobi ina bustani ya nyoka tangu 1961. Nenda ukaone namna milango inavyofungwa na namna kila tundu linavyokuwa na vifaa vyake. Siku moja ya kuangalia watunzaji wakisafisha matundu inafundisha mengi.

Kasha la nyoka mmoja

Sasa tuchukue kuwa kibali unacho. Nyoka mzima wa nyumba anatosheka na kasha la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Kwa wala panya wa Marekani wa jamii ya Pantherophis, ambao ndio wengi madukani ughaibuni na hufika mita moja na nusu au zaidi, ongeza urefu ufike sentimita 120. Kipimo rahisi ni kwamba nyoka aweze kujinyoosha karibu mwili wake wote kando ya ukuta wa kasha. Mtoto wa nyoka usimtie kwenye kasha kubwa lisilo na maficho. Atakaa kwa hofu na kukataa chakula. Kasha la plastiki la sentimita 30 kwa 20, lenye mfuniko unaojifunga na matundu membamba ubavuni, linamfaa kwa miezi yake ya mwanzo.

Mfuniko ndio moyo wa kasha. Nyoka anapita popote kichwa chake kinapopita, na usiku mzima kazi yake ni kuujaribu kila upenyo kwa pua. Tumia kitasa au vibanio vya chuma. Jiwe juu ya mfuniko si kufuli.

Ndani weka maficho mawili, moja upande wenye joto na moja upande wa baridi. Ukiweka moja tu, nyoka atalazimika kuchagua kati ya joto analohitaji na usalama anaoutaka, naye atachagua usalama na kuugua. Hapa Pemba maficho hayana gharama: kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kwa mdogo, kipande cha mtungi uliovunjika kwa mkubwa. Yawe ya kumbana kidogo, kwa sababu nyoka hutulia anapohisi ubavu wake umegusa ukuta.

Chini tandika magazeti kwa mwanafunzi wa kazi hii, kwani uchafu unaonekana mara moja na kuondolewa. Usumba wa makumbi ya nazi pia unafaa. Lakini makumbi yetu huvundikwa pwani kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo usumba huo uroweke na kuusuuza kwa maji baridi mara kadhaa, kisha uanike mpaka ukauke kabisa. Usitumie mchanga wa pwani wala vumbi la mbao zenye harufu kali. Kasha lisikae pia kwenye chumba kinachohifadhiwa karafuu au makonyo yake. Mafuta ya karafuu yana nguvu ya kutia ganzi, na wataalamu wa samaki huyatumia kuwalaza samaki. Hewa iliyojaa mafuta hayo haifai kuvutwa usiku na mchana na mnyama mwenye pafu moja tu lililo kubwa.

Joto, hewa na maji

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake mwenyewe. Hulidhibiti kwa kuhama. Upande mmoja wa kasha uwe kati ya nyuzi 28 na 31 za Selsiasi, na mwingine kati ya 23 na 26. Aliyeko London au Toronto atahitaji mkeka wa umeme wa kupashia joto, uliounganishwa na kidhibiti joto. Mkeka usio na kidhibiti unaunguza tumbo la nyoka taratibu naye hatoki, kwa sababu hisia yake ya kuungua kwa chini ni dhaifu.

Kwetu hatari ni kinyume chake. Pemba joto la kawaida linamtosha, na linaloua ni kuzidi. Chumba chenye paa la bati bila ya dari huweza kupita nyuzi 35 saa nane mchana, na kasha la kioo likipigwa na jua hata kwa dakika chache huwa kama tanuri. Weka kasha chini, mbali na dirisha la magharibi, na utundike kipimajoto ndani yake badala ya ukutani. Muscat na Dubai angalieni na mashine ya baridi isimpulizie moja kwa moja.

Wakati wa masika hewa yetu ina unyevu mwingi. Kasha lisilopitisha hewa linaota ukungu, na magamba ya tumbo huanza kuoza. Ongeza matundu ya hewa pande mbili zinazoelekeana, na ubadilishe magazeti kila yanapolowa. Maji ya kunywa yawe kwenye kibakuli kizito kisichopinduka, yabadilishwe kila siku, na kibakuli kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa.

Chakula

Mdogo hulishwa kila baada ya siku tano hadi saba, mzima kila baada ya siku kumi hadi 14. Panya asiwe mnene kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka. Anayekula panya mzima mzima, pamoja na mifupa na ini lake, hahitaji vitamini za dukani.

Usimpe panya wa mtegoni. Huyo anaweza kuwa amekula sumu jana, na anabeba minyoo na vimelea. Fuga panya weupe wadogo kwenye kasha lao, au nunua waliogandishwa kama uko ughaibuni. Panya apewe akiwa amekwisha kufa. Panya hai aliyebanwa kwenye kona huuma, na nyoka asiye na njaa huweza kutafunwa mgongo mpaka mfupa uonekane. Aliyegandishwa ayeyushwe polepole, kisha atiwe ndani ya mfuko kwenye maji ya vuguvugu mpaka apate joto la mwili. Usitumie sufuria wala jokofu la chakula cha familia.

Mpe kwa kibanio kirefu, jioni taa ikiwa hafifu. Utaona ulimi ukitoka na kurudi haraka, shingo ikijikunja, kisha pigo moja na mizunguko miwili mitatu ya mwili. Atamlegeza, atamzunguka kwa pua akitafuta kichwa, na atamwanzia hapo ili miguu na manyoya vilale nyuma. Ukimwona amefika hatua hiyo, ondoka. Usimshike kwa saa 48 baadaye, la sivyo atatapika, na kutapika kunamdhoofisha nyoka kuliko kukosa mlo mmoja.

Kwa nini wasiwekwe pamoja

Swali hili huulizwa na kila mtunzaji anayepata nyoka wa pili. Kasha la kwanza ni kubwa, nyoka ni wawili tu, na kila asubuhi huwakuta wamelaliana chini ya kifuu kimoja. Anaona mapenzi. Kwa kweli anaona foleni: maficho mazuri yenye joto ni moja, na wote wanalihitaji. Nyoka dhaifu hatapiga kelele. Atasukumwa kidogo kidogo kwenda upande wa baridi, ataacha kula, na mwenye mali ataanza kutafuta dawa ya ugonjwa ambao kumbe ni jirani.

Ni kweli kwamba wala panya wa Marekani Kaskazini hukusanyika kwenye mapango wakati wa baridi kali, wakati mwingine pamoja na nyoka wa aina nyingine. Lakini wamefuata pango lisilofikiwa na barafu, na majira yakibadilika hutawanyika kila mmoja na njia yake. Pemba hakuna barafu, na kasha halina njia ya kutawanyikia.

Hatari ya pili iko mezani. Nyoka anafuata harufu na mtikisiko. Wawili wakimuuma panya mmoja, huyu kichwani na yule mkiani, kila mmoja humeza kuelekea katikati. Meno yao yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo kilichokwisha kuingia ni vigumu kutoka. Midomo ikikutana, mwenye kinywa kikubwa huendelea kumeza, na kichwa cha mwenzake kikiwa ndani. Kwa kawaida hufa mmoja, na pengine wote wawili. Hata panya asipokuwepo, harufu yake ikibaki mwilini mwa nyoka mmoja inatosha kumfanya mwenzake adhani ni chakula.

Tatu ni maradhi. Utitiri ukimpata mmoja, umewapata wote. Ukikuta matapishi au kinyesi cha majimaji, hutajua ni cha nani, na siku unazopoteza kubahatisha ndizo siku za kumwokoa mgonjwa.

Nne ni uzazi. Dume akikaa na jike wakati wote, humpanda bila ya kumpumzisha. Jike wa nyoka wa nyumba huweza kutaga mayai manane hadi 16 kwa mara moja, na kutaga zaidi ya mara moja kwa mwaka kutokana na mbegu alizozihifadhi mwilini. Akitaga mfululizo anakonda, mifupa inapungua madini, na yai linaweza kumkwama na kumuua. Watunzaji wengi hupata mayai bila ya kukusudia kwa sababu waliamini kuwa wote ni majike.

Waingereza wameliona jambo hili mpaka kwenye sheria. Sheria yao ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamtaka mwenye mnyama atimize mahitaji yake, na moja lililotajwa ni haja ya kukaa pamoja na wenzake au mbali nao. Kwa nyoka mla panya, haja hiyo ni mbali.

Ikibidi wakae pamoja

Zipo nyakati mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni kuzalisha kwa kibali: jike mzima mwenye mwili mzuri hupelekewa dume kwa siku chache chini ya uangalizi, kisha hutenganishwa. Mayai huanguliwa baada ya takribani siku 60, na kila mtoto hutiwa kwenye kasha lake tangu siku ya kwanza. Ya pili ni tundu kubwa la maonyesho lenye mtunzaji wa kila siku. Hapo masharti ni haya:

1. Wawe wa aina moja, wenye ukubwa unaolingana, na wa jinsia moja. Walao nyoka wenzao wasikaribie kabisa.
2. Mgeni akae karantini siku 90, chumba kingine na vyombo vingine. Wahudumie kwanza wenyeji, mgeni awe wa mwisho, kisha unawe.
3. Maficho ya upande wa joto yazidi idadi ya nyoka kwa moja, na ya upande wa baridi vilevile. Vibakuli vya maji viwe zaidi ya kimoja.
4. Wakati wa kula kila mmoja ahamishiwe kwenye chombo chake chenye mfuniko. Asirudishwe mpaka uvimbe wa chakula ushuke na harufu iishe.
5. Kila nyoka awe na daftari lake: tarehe ya kula, kujivua gamba, kinyesi na uzito.
6. Kasha tupu la kila mmoja liwe tayari. Anayekosa milo miwili mfululizo, anayepungua uzito au anayejificha upande mmoja tu, atolewe siku hiyo hiyo.

Asiyeweza sharti la sita asianze la kwanza.

Dalili za kuangalia

Nyoka anayekaribia kujivua gamba hufifia rangi, macho yake yakawa kama yamefunikwa na moshi wa buluu. Mwache, na usimlishe. Gamba likitoka likiwa zima kuanzia mdomoni hadi mkiani, ni afya. Likitoka vipande, mpe kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu ndani ya chombo apite mwenyewe, na usilichune kwa kucha, hasa kwenye macho.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukimwona anapumua kinywa wazi, anatoa mapovu puani, ana fizi nyekundu zenye usaha, ana malengelenge tumboni, anatapika mara mbili, au vidoti vyeusi vinaelea kwenye maji yake. Vidoti hivyo ni utitiri. Choma matandiko yote na usafishe kasha kabla ya kumrudisha.

Linda na watu wa nyumbani. Nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Osha mikono kwa sabuni kila unapomgusa yeye au vyombo vyake, usisafishe kasha jikoni, na usiwaruhusu watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa wamshike.

Asitoroke, asiachiwe

Kwenye kijiji, nyoka aliyetoroka ni hofu ya mtaa mzima, na kesho yake kila nyoka atakayeonekana, hata asiyehusika, atauawa. Nyoka wa kigeni aliyetoroka ni jambo zito zaidi. Kisiwani Guam nyoka wa miti aliyeingia kwa bahati mbaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia alimaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Gran Canaria nyoka wa kufugwa kutoka Marekani walitoroka na kuwamaliza mijusi wa kisiwa katika maeneo walikoenea. Sisi wenyewe tunamjua kunguru aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na tabu yake mpaka leo. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine, akiwemo bundi wake mdogo na ninga wake. Asiletwe kisiwani nyoka mla mayai na makinda kutoka ng'ambo, na anayechoshwa na mnyama wake asimwachie shambani. Amrudishe kwa mamlaka.

Mtu akiumwa

Nyoka wa nyumba akiuma huacha mikwaruzo midogo. Osha kwa sabuni na maji, na uulizie sindano ya pepopunda. Ikiwa nyoka hajulikani, mtulize mgonjwa, mvue pete na bangili, mlaze, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na mkimbize hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usibandike jiwe jeusi na usipoteze saa kumsaka nyoka. Sumu ikitemwa machoni, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kwa daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni watu wa mashamba kama sisi, na wengi wao huchelewa kufika.

Anza na haya

Mwenye nyumba, wiki hii ziba nyufa, hamisha rundo la makuti, na wafundishe watoto kusimama, kurudi nyuma na kumwita mtu mzima. Mwalimu na mwanaklabu, nenda Idara ya Misitu kabla ya kumkamata nyoka yeyote. Na wewe ambaye tayari unao, hesabu nyoka wako, kisha hesabu makasha yako. Kama makasha ni pungufu, tafuta jingine leo kabla ya mlo unaofuata, lenye kitasa, maficho mawili na kibakuli cha maji.